Kanuni Isiyomfungia Mbunifu Mlango

Huenda wewe ni ofisa sheria wizarani na umeletewa jalada lenye agizo fupi: andaa rasimu ya kanuni za huduma fulani ambayo miaka michache iliyopita haikuwapo. Huenda ni diwani, na halmashauri yako inataka sheria ndogo kuhusu pikipiki za umeme. Au umekaa upande wa pili wa meza: una karakana Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, umealikwa kwenye kikao cha maoni ya wadau, na rasimu nzito umeipata juzi jioni. Mwongozo huu ni wenu nyote, kwa sababu kanuni mbaya huharibu kazi za watu kimyakimya. Kiwanda kikifungwa, magazeti huandika. Kiwanda kilichoshindwa kuanzishwa kwa sababu ada ya leseni ilimzidi mwenye wazo, hakiandikwi popote.

Niseme mapema ninachokiamini. Kanuni inayokuza ubunifu si kanuni legelege. Ni ile inayolitaja dhara waziwazi, ikambana mtu kwenye dhara hilo bila kumwonea haya, kisha ikamwachia uhuru katika mengine yote. Rasimu nyingi hufanya kinyume chake. Dhara halitajwi hata mara moja, lakini vifaa, fomu na ada vinatajwa ukurasa baada ya ukurasa.

Anza na dhara

Kabla hujaitafuta kanuni ya nchi nyingine ili uinakili, chukua karatasi uandike majibu ya maswali matatu: nani ataumia, ataumia vipi, na ni nani aliye na uwezo wa kulizuia hilo. Kama huwezi kumtaja mtu huyo, awe mteja, abiria, jirani au mfanyakazi, bado huna sababu ya kutunga kanuni. "Kuweka utaratibu katika sekta" si dhara. "Kuhakikisha shughuli zinasimamiwa" pia si dhara. Hayo ni maneno ya kujazia utangulizi.

Mfano mzuri kuliko yote katika kanda yetu ni fedha za simu, na inafaa tuutazame kwa undani, maana wengi husimulia mafanikio ya M-Pesa na kuisahau kazi ya udhibiti iliyoyatangulia. Majaribio yalifanyika Kenya mwaka 2005, na lengo lake lilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo kwa simu. Ikaonekana kwamba watu wanaitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipotaka kuifungua huduma kwa umma, Benki Kuu ya Kenya ilikuwa na jambo ambalo halikuwa na sheria yake. Jibu jepesi lilikuwapo: anayepokea fedha za watu ni benki, kwa hiyo nendeni mkaombe leseni ya benki. Jibu hilo lingeiua huduma siku ileile, na hakuna ambaye angelaumiwa.

Benki Kuu ikauliza swali jingine: mteja anaweza kudhurika vipi? Fedha zake zinaweza kupotea kampuni ikifilisika. Kampuni inaweza kuzikopesha kwa watu wasiolipa. Mfumo unaweza kuvamiwa. Wahalifu wanaweza kuutumia kupitisha fedha chafu. Kila dhara likapewa dawa yake. Fedha zote za wateja ziwekwe kwenye akaunti ya amana katika benki, chini ya mdhamini aliyetengwa na kampuni, na zilingane shilingi kwa shilingi na salio lililomo kwenye simu. Kampuni isizikopeshe wala kuzitumia kwa shughuli zake. Hapo ndipo ulipo ufundi wa kisheria: biashara ya benki ni kupokea amana na kuzikopesha au kuziwekeza kwa hatari yako mwenyewe. Ukiondoa kukopesha, huduma inatoka nje ya tafsiri ya benki, na hatari kubwa kuliko zote inatoka nayo. Wateja walitakiwa kuonyesha kitambulisho, na muamala mmoja ulikuwa na ukomo, mwanzoni shilingi 35,000 za Kenya. Benki Kuu ikatoa barua ya kutokuwa na pingamizi mapema mwaka 2007, na Machi mwaka huo huduma ikaanza.

Mwishoni mwa mwaka 2008 malalamiko kutoka upande wa mabenki yalifika serikalini, na John Michuki, aliyekuwa akikaimu uwaziri wa fedha, akaagiza huduma hiyo ikaguliwe. Ukaguzi haukukuta sababu ya kuisimamisha. Jifunze hapo: mdhibiti aliyetaja dhara tangu mwanzo na kuweka masharti yanayopimika ana cha kuonyesha anapobanwa. Aliyetoa kibali kwa ukarimu tu hana. Mwaka 2006 ni asilimia 26.7 tu ya watu wazima Kenya waliokuwa wakitumia huduma rasmi za fedha. Kufikia 2019 walikuwa asilimia 82.9. Simu haikuifanya kazi hiyo peke yake, lakini bila uamuzi wa 2007 sidhani kama takwimu hiyo ingefika karibu na hapo.

Tazama pia mpangilio wa miaka. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Kenya ilipitishwa 2011, na kanuni zake zikatoka 2014. Tanzania nayo ilianza hivyohivyo: M-Pesa ya Vodacom ilifika 2008 chini ya uangalizi wa Benki Kuu, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ikapatikana 2015. Kanuni ziliandikwa na watu waliokwisha kuiona huduma ikifanya kazi, wakijua inavunjikia wapi. Hata hivyo usiipende barua ya kutokuwa na pingamizi kupita kiasi. Barua hutolewa na ofisi, na ofisi hubadilisha watu. Mwekezaji hawezi kujenga biashara ya miaka ishirini juu ya karatasi inayoweza kufutwa kwa simu moja. Kwa hiyo ukiitumia, iwe na masharti yaliyoandikwa, yachapishwe ili mshindani ayaone, na iseme tangu siku ya kwanza ni lini itafuatwa na kanuni kamili.

Taja lengo, acha kifaa

Uingereza ilitunga sheria mwaka 1865 kuhusu magari ya kujiendesha barabarani, ambayo wakati huo yalikuwa ya mvuke. Mwendo usizidi maili 4 kwa saa vijijini na 2 mjini, na mtu atembee kwa miguu angalau yadi 60 mbele ya gari akibeba bendera nyekundu. Sheria hiyo ililegezwa kwa kweli mwaka 1896, miaka kumi baada ya Karl Benz kupewa hataza ya gari lake huko Ujerumani. Dhara walilolihofia lilikuwa la kweli, kwani farasi walishtuka na watu waligongwa. Kosa lilikuwa kuandika dawa moja, tena ya bendera na miguu ya mtu, mahali palipotakiwa kuandikwa usalama wa wapita njia.

Linganisha na Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970. Bunge lilitaka magari ya mwaka 1975 yatoe hewa chafu pungufu kwa asilimia 90, hasa monoksidi ya kaboni na haidrokaboni. Halikusema injini iweje. Watengenezaji wakubwa wa Detroit walisema haiwezekani kwa muda huo, wakaomba waongezewe, na mwaka mmoja wakapewa. Honda ya Japani, iliyokuwa bado ndogo kwenye magari, ikaja na injini yake ya CVCC iliyokidhi kiwango hata bila kichujio cha kikemikali kwenye ekzosi. Sheria hiyo ilikuwa kali mno, na ukali wake ndio uliozaa injini. Wanaodai kwamba masharti huua ubunifu siku zote waitazame Honda, na wanaodai kwamba ukali wa aina yoyote unafaa waitazame bendera nyekundu.

Sasa tuje kwenye rasimu yako. Chukua kalamu, zungushia kila neno linalotaja kifaa, malighafi, kipimo cha umbo au aina ya programu. Kwa kila duara jiulize: nikibadilisha neno hili kwa matokeo ninayoyataka, mteja atabaki salama? Chukua sheria ndogo ya pikipiki za umeme. Kifungu kibaya kitasema: "Betri iwe ya lithiamu ya volti 72, na ichajiwe kwa chaja iliyoidhinishwa na Halmashauri." Kijana aliyebuni betri ya chumvi ya sodiamu, au mfumo wa kubadilishana betri kituoni, amekwisha kuwa mhalifu. Kifungu kizuri kitasema: "Betri isishike moto inapogongwa, inapolowa au inapochajiwa kupita kiasi, na mtoa huduma athibitishe hilo kwa kipimo kinachotambuliwa na shirika la viwango."

Lakini hapo kuna mtego, na wengi wanaotetea kanuni za malengo hawautaji. Kuthibitisha kunagharimu fedha. Kampuni kubwa itapeleka betri maabara bila kusita. Fundi wa jua kali hana hiyo pesa, naye angependelea kuambiwa tu afanye nini. Kwa hiyo weka njia mbili ndani ya kifungu kimoja. Ya kwanza: atakayefuata mchoro au kiwango fulani kilichochapishwa atahesabiwa ametimiza, basi. Ya pili: atakayetaka njia yake mwenyewe yuko huru, mradi athibitishe kwamba usalama haupungui. Fundi anapata uhakika, mbunifu anapata nafasi, na mkaguzi ana kitu cha kukagua kwa wote wawili.

Rwanda ilichukua mkondo huu kwenye ndege zisizo na rubani. Kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga mwaka 2016, na Januari 2018 serikali ikapitisha kanuni zinazomtaka mwendeshaji aeleze safari yake ina hatari gani na ataidhibiti vipi, badala ya kumwandikia chombo kiwe cha namna gani. Kanuni za aina hiyo zinahitaji mdhibiti anayeweza kuisoma na kuihoji hesabu ya hatari. Kama ofisi yako haina mhandisi hata mmoja, omba bajeti ya kumwajiri kabla hujaomba bajeti ya kuchapisha kanuni.

Mizigo ikue na anayeibeba

Leseni ya kiwango kimoja kwa wote ni ukuta. Mwenye wateja mia na mwenye wateja milioni hawaleti hatari sawa, basi wasilipe ada sawa wala kujaza fomu zilezile. Gawa ngazi kwa kitu kinachopima dhara lenyewe: kiasi cha fedha za watu alichoshika, idadi ya abiria, lita za maji taka. Ngazi ya chini iwe ya kujiandikisha tu na kutimiza masharti mawili matatu ya msingi. Ile ya juu iwe na mtaji, ukaguzi wa hesabu na mtu wa kuwajibika kwa jina. Ukomo wa muamala wa mwaka 2007 ulifanya kazi hii. Baadaye ulipandishwa kadiri imani ilivyojengeka, na Machi 2020, wakati wa korona, ukatoka shilingi 70,000 hadi 150,000 ili watu wapunguze kushika noti.

Hatua ya kabla ya ngazi ya kwanza ni majaribio chini ya uangalizi: mdhibiti anamruhusu mbunifu kuhudumia wateja wachache kwa muda maalumu, baadhi ya masharti yakiwa yamelegezwa. Mamlaka ya mwenendo wa fedha ya Uingereza iliufungua mlango huo 2016; katika kundi la kwanza waliomba 69 wakakubaliwa 24. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya ilifuata 2019, na Benki Kuu ya Tanzania ikatoa kanuni zake 2023. Mpango huu ni mzuri, ila ukiuandika angalia kipengele cha kutokea. Siku majaribio yanapokwisha, nini kinafuata? Kama kanuni haisemi kwamba aliyefaulu atapewa leseni ndani ya siku kadhaa zilizotajwa, utakuwa umejenga chumba cha kusubiria. Kampuni changa ina mshahara wa kulipa mwisho wa mwezi. Haiwezi kusubiri barua inayozunguka kati ya idara. Andika pia kwamba mdhibiti atachapisha alichojifunza. Majaribio yakifeli, nchi nzima ipate faida ya kujua kwa nini.

Kuhusu misamaha ya kodi nitasema kidogo. Kodi ya mapato hutozwa kwenye faida, na biashara mpya nyingi hazina faida ya kusamehewa. Sheria ya Tunisia ya kampuni changa ya mwaka 2018 ina misamaha hiyo, lakini kipengele chake kinachonivutia zaidi ni kile kinachomruhusu mwajiriwa kuchukua likizo ya mwaka mmoja akajaribu kuanzisha kampuni, kisha arudi kazini ikishindikana. Waliokiandika walijua kinachowatisha watu. Kwetu, kipengele kingine cha namna hiyo kingekuwa kwenye ununuzi wa umma. Zabuni ikidai hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa, imewatoa waliozaliwa jana, hata kama bidhaa yao ndiyo bora.

Wa kwanza asifunge mlango nyuma yake

Uamuzi wa Kenya wa 2007 ulikuwa na upande wa pili. Aliyeanza, Safaricom, alikua haraka, na kwa miaka mingi mawakala wake hawakuruhusiwa kuhudumia washindani. Hali hiyo iliisha 2014. Kutumiana fedha moja kwa moja kati ya mitandao ya Kenya kulianza 2018. Tanzania ilitangulia: kampuni za simu za Tigo, Airtel na Zantel ziliunganisha mifumo mwaka 2014, na Vodacom ikajiunga 2016. Mwaka huohuo wa 2014 Tigo ilianza kuwagawia wateja faida iliyotokana na fedha zao zilizokaa kwenye akaunti ya amana. Ushindani ulikuwa umeanza kumfikia mama ntilie.

Uunganishaji usiudai siku ya kwanza, kwa sababu hapajawa na mitandao miwili ya kuunganishwa na anayeanza anahitaji nafasi ya kurejesha gharama zake. Lakini mamlaka ya kuudai yaandike mapema: mtoa huduma akifikisha sehemu fulani ya soko, mdhibiti anaweza kumwagiza afungue mfumo kwa bei ya haki. Ukisubiri awe mkubwa ndipo utunge kifungu, utakitunga mbele ya mawakili wake.

Kusubiri kuna hatari nyingine pia. Mikopo ya programu za simu ilienea Kenya kwa miaka kadhaa bila mdhibiti wa moja kwa moja. Wadaiwa wakapigiwa simu za vitisho, na ndugu na wakubwa zao wa kazi wakatangaziwa deni. Sheria ya kuwapa leseni wakopeshaji hao ilikuja Desemba 2021 na kanuni zake 2022. Dhara lilikuwa linatajika tangu mapema, likimwumiza mtu mwenye jina. Hapo hapakuwa na haja ya uvumilivu. Mdhibiti mvumilivu kwa kifaa anatakiwa awe mwepesi kwa dhara.

Makarani wawili, ada mbili, na tozo

Uliza rasimu yako itamgusa mtu ambaye tayari anakaguliwa na nani. Hadi mwaka 2019, msindikaji wa chakula Tanzania alisimamiwa na mamlaka ya chakula na dawa (TFDA) na pia shirika la viwango (TBS), kila mmoja na taratibu zake na malipo yake. Julai mwaka huo masuala ya chakula yakahamishiwa TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Mageuzi hayo hayakuhitaji teknolojia yoyote. Yalihitaji mtu wa kukaa chini na kuchora mstari. Chora mstari huo kabla ya kanuni kutoka.

Kisha kodi. Uganda iliweka kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya fedha za simu Julai 2018. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeteremshwa hadi asilimia 0.5, tena kwenye kutoa fedha tu. Tanzania ilianza kutoza tozo ya miamala Julai 2021, na baada ya malalamiko ikaipunguza kwa asilimia 30 ndani ya miezi miwili. Serikali zina haki ya kukusanya mapato na barabara hazijijengi. Ila tozo ya muamala hukata mtaji uleule mara nyingi unapozunguka, na anayeikwepa kirahisi ni mteja anayerudi kwenye noti. Ukiwa mwandishi wa kanuni, kataa kuchanganya chombo cha usalama na chombo cha mapato kwenye waraka mmoja. Ada ya leseni ilipie gharama ya ukaguzi, na iishie hapo.

Tarehe ya kufa

Kenya ina sheria ya mwaka 2013 inayosimamia kanuni na sheria ndogo. Inamtaka anayetunga afanye mashauriano na aandae maelezo ya athari za kanuni pale inapogusa gharama za watu, na inasema kanuni itafutika yenyewe miaka kumi baada ya kutungwa, isipohuishwa. Hata kama nchi yako haina sheria hiyo, hakuna kinachokuzuia kuandika kifungu cha namna hiyo ndani ya kanuni zako. Kwa mambo ya teknolojia miaka mitano inatosha. Taja vilevile takwimu zitakazotazamwa siku ya mapitio: maombi mangapi yalipokelewa, yalichukua siku ngapi, mangapi yalikataliwa na kwa sababu gani, malalamiko ya wateja yalikuwa ya nini. Bila takwimu hizo mapitio huwa kikao cha chai.

Kikao cha wadau kisiwe cha wenye mawakili peke yao. Toa rasimu mapema, na itoe kwa lugha ya watu. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo kisingizio cha zamani cha lugha hakipo. Kabla hujaipeleka rasimu kwa waziri, mtafute mtu mmoja ambaye itambidi aitii, fundi, wakala au mwenye kikundi cha usindikaji, umlipe muda wake, ukae naye aisome yote kwa sauti. Kila kifungu mwulize atafanya nini Jumatatu asubuhi ili akitimize, na kitamgharimu kiasi gani. Kifungu asichoweza kukijibia, kirudishe mezani.